Zinki nitreti imegeuka sharubati? Usitutukane kwanza

Januari hii mteja wetu mmoja, sisi tunaouza kemikali za maabara, dada anasoma masters, katutumia picha ya chupa WhatsApp saa nane mchana na maneno matatu tu: "kaka, maji haya?" Ndani kweli kulikuwa na kitu kizito kama sharubati, vipande vinaelea. Chupa mpya, sili haijaguswa. Tulipofuatilia kumbe boda kaiweka kwenye boksi la nyuma, kapitia oda nyingine mbili, jua la Dar linawaka, ndo akafika. Kosa letu hilo, wala sio dawa feki.

Zinki nitreti ile yenye 6H2O kwenye lebo, yaani molekuli sita za maji kwenye kila moja, inayeyuka kwenye nyuzi 36 hivi, na boksi la boda linafika hapo kabla hujavuka Ubungo. Inayeyukia kwenye maji yake yenyewe, yale yaliyofungwa ndani ya fuwele. Ukiiacha ipoe na kifuniko kikiwa kimekaza inaganda tena, ila jiwe moja zima, utakilaani kijiko chako. Nitreti ya chuma, yenye 9H2O, inayeyuka 47 hivi, kobalti na nikeli zinasogea kwenye 55. Silva nitreti haina makuu hayo, haivuti unyevu, yenyewe ugomvi wake ni mwanga, na ikikugusa vidole vinabaki vyeusi siku kadhaa.

Ila kuyeyuka sio shida kubwa maana unakuona. Shida ni masika, chupa unaifungua leo unaifungua kesho na kila ukifungua inakunywa hewa yetu hii, kwa macho bado unga, halafu unapima gramu 2.975 unajua una milimoli 10 (kipimo cha idadi ya chembe) za zinki kumbe sehemu yake ni maji tu. Anayetengeneza ZIF-8, ile fuwele yenye vitundu inayounganisha zinki na imidazoli, anaweza asigundue, kwa sababu imidazoli anaiweka nyingi kupita kiasi. Wewe unayehitaji uwiano kamili, magnesiamu tatu kwa aluminiamu moja, au fuwele za perovskaiti za lanthanamu, utalia, XRD (kipimo cha fuwele kwa miale ya X) inaleta vilele usivyovijua na supavaiza anakuuliza wewe.

Kuna wanaouliza si bora watumie kloraidi, bei nafuu. Sawa, ila nitreti karibu zote zinayeyuka kwenye maji vizuri, na ukizichoma sehemu ya nitreti inaondoka kama gesi, ule moshi wa kahawia, inabaki oksaidi safi. Kloraidi mara nyingi inaacha klorini imeng'ang'ania, na kwa kataliti, yaani kichocheo cha mmenyuko, hiyo ni balaa.

Na tafadhali usiikaushe kwenye oveni ukitegemea maji yatoke peke yake! Nitreti nayo inaanza kuvunjika, unabaki na kitu ambacho sio kile wala hiki.

Cha kufanya ujue chumvi yako halisi ni kiasi gani, chukua gramu 1 kutoka chupa ileile, weka kwenye kruseboli (kikombe cha kuchomea) uliyoipima, pasha taratibu sana mwanzoni maana inachemka na kuruka, halafu panda mpaka nyuzi 500 ukae saa mbili hivi, yote ndani ya hudi (kabati la kuvuta moshi), ule moshi ni sumu. Poza kwenye desiketa, kile chombo kisichoingiza unyevu, pima. Chumvi ikiwa sawasawa inabaki gramu 0.274 za zinki oksaidi. Ukipata 0.250 basi una kama asilimia 91, kwa hiyo kile ulichotaka kupima kigawe kwa 0.91. Kobalti inaacha Co3O4, kwake tegemea 0.276. Kama unatumia kila wiki ni rahisi zaidi kuifungua chupa mara moja, tengeneza stoki, yaani myeyusho wa akiba, ihakiki kwa taitresheni ya EDTA (kuidondoshea kemikali inayoshika metali mpaka ujue kiasi chake), baada ya hapo unapima kwa pipeti tu, unyevu ufanye utakavyo.

Jambo jingine, hizi zote zinachochea moto. Sio shelfu moja na asetoni, na tishu uliyofutia usiitupe kavu kwenye ndoo ya taka, isuuze kwanza. Tumeona tishu moja ikiwaka, inatosha.

Kuanzia sasa zinki na ya chuma tunauza chupa za gramu 100, kubwa ni kwa oda, na boda anazibeba kwenye kile kiboksi cha soda baridi, asubuhi kabla ya saa nne. Yule dada tulimpelekea nyingine bure, ile ya kwanza kaivunja kwa nyundo na anaitumia.