Mume wangu alinicheka mbele ya dada yake kwa sababu ya rozari

Shangazi,

Jogoo wameshawika na mimi sijapata hata lepe la usingizi. Nakuandikia hivi hivi, usinione mjinga.

Wewe unaijua Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Unajua mtu anavyotoka huku Busia kwa miguu mpaka Namugongo, walikochomwa moto mashahidi, miguu inavimba, mnalala kwenye parokia za watu, mnakula mlichopewa. Safari hii nilikwenda na mume wangu. Njiani alikuwa mtu mwingine kabisa! Rozari aliongoza yeye, tulipopita Iganga akachukua mzigo wangu akabeba na wake, na pale Namugongo, katikati ya ule umati, alinishika mkono akaomba kwa sauti, akanitaja jina. Tangu anioe hakuwahi.

Sasa juzi, mbele ya dada yake, anasema: "Sisi wote tulirudi kutoka Namugongo, huyu alirudi nayo nyumbani." Wakacheka. Wifi alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Nimefanya nini? Jioni natandika mkeka, nawasha mshumaa, rozari moja, basi. Chakula hakijachelewa kwa ajili ya hiyo rozari. Mukene, hao dagaa, nauza mwenyewe sokoni, karo nachangia. Sijamlazimisha mtu. Watoto nawaita, lakini kuita si kulazimisha. Yeye nikimwita anajibu kwamba sikukuu ni sikukuu na Jumatatu ni Jumatatu.

Kwani mashahidi wenyewe walianza kusali siku ya moto? Karoli Lwanga aliwafundisha wale vijana mle mle ndani kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda aliyewaua, kwa kujificha. Usiku ule wa Munyonyo kabla ya kuhukumiwa, Mei 1886, ndipo akambatiza Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Bila sala zile za kujificha, Juni 3 ingetoka wapi? Nilimwambia hivyo. Akasema nimeshakuwa katekista.

Hata sitaki tena asali na mimi. Akae na redio yake ya mpira. Ila namwachia nafasi kwenye mkeka, na nikisikia pikipiki yake inaingia narudia tendo la kwanza la rozari.

Mbele ya dada yake, Shangazi. Angeniambia chumbani ningenyamaza.

Na huyo wifi anarudi Jumamosi, atalala kwetu. Sasa nitandike mkeka kama kawaida, au nisali chumbani kimya mpaka aondoke? Nikijificha watasema Namugongo imekwisha. Nikitandika watacheka, na watoto siku hizi wanamwangalia baba yao kwanza ndipo waitikie Salamu Maria.

Usiniambie niende kwa padri. Padri anamsifu sana, eti mwaka ujao ndiye ataongoza mahujaji wa parokia yetu.

Nijibu kabla ya Jumamosi.