Mwambie Mkeo, Mwanangu

Kisumu, Jumapili jioni

Kwako mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na hapa kibarazani ziwa halionekani. Natumaini ulifika Nakuru salama na wajukuu wangu ni wazima.

Tangu unipigie simu Alhamisi sijapata usingizi. Si kwa ajili ya ile sukari ya damu ya 13.2 waliyokupima kabla hujala. Namba hiyo naijua, nimewahi kuwa nayo na kuipita. Kilichoninyima usingizi ni neno lako la mwisho: "Mama, usimwambie mtu. Hata nyumbani kwangu hawajui." Nyumbani kwako ni mke wako. Mnalala kitanda kimoja, yeye ndiye anayekupakulia chakula, nawe unameza dawa ndani ya lori akiwa hayupo.

Sikulaumu. Mimi nilificha miaka mitatu.

Nilipimwa mwaka 2011. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikinywa maji bila kukata kiu, naamka usiku mara nne, mara tano kwenda chooni, na asubuhi nakuta sisimizi wamejazana pale. Darasani herufi za ubaoni zikaanza kucheza, nami nikasema ni uzee wa macho. Siku walipoita walimu wote kupimwa, yule kijana alinitoboa kidole, akaangalia kimashine chake, akaniangalia mimi, akatoboa kidole kingine. Nikajua.

Nilimfikiria dani yako, mama yangu. Aliugua sukari wakati ambapo kule Muhoroni hatukuijua kwa jina hilo. Tulizaliwa katikati ya mashamba ya miwa, tukatafuna miwa tukienda shule na tukitafuna tukirudi, na watu waliposikia ugonjwa wa sukari walicheka wakasema basi Muhoroni nzima ingekwisha kuzikwa. Kumbe si kulamba sukari tu. Unaweza kuirithi mwilini, halafu uzito, kukaa kitako mchana kutwa, na sahani iliyojaa wanga kila siku vikaiamsha. Dani alijichoma mwiba mguuni, hakusikia maumivu, na kidonda hakikupona. Walimkata chini ya goti. Wewe hukumkuta akiwa na miguu miwili.

Kwa hiyo nilipoambiwa nina ugonjwa ule ule, nilichoona mbele yangu ni gongo la mama yangu. Sikutaka baba yako alione. Nikaficha dawa ndani ya kopo la chaki, nikala kama kawaida ili nisiulizwe, na mtu akinikaribisha chai yenye vijiko vitatu niliinywa yote, nikamshukuru.

Mwaka 2014 tulikwenda mazishini Ahero. Wewe uliambiwa nilizimia kwa jua. Haikuwa jua. Alfajiri nilimeza tembe ya glibenklamidi, hiyo hiyo waliyokupa wewe pamoja na metformini, kisha nikapanda gari bila kula. Unajua mazishi ya kwetu: chakula huja baada ya kaburi kufunikwa, na hotuba zilikuwa hazijafika hata nusu. Saa saba nikaanza kutetemeka. Jasho jembamba, baridi, likanitoka shingoni. Niliambiwa baadaye kwamba nilimwita mchungaji kwa jina la babu yako na kumwuliza kwa nini ng'ombe hawajarudi. Wengine walinipepea, wengine wakaniombea, mmoja akasema marehemu amenishika.

Mama mmoja aliyewahi kuwa muuguzi akapenya katikati ya watu, akamwuliza baba yako, "Huyu ana sukari?"

Baba yako akajibu, "Hapana."

Alijibu kwa uhakika, mwanangu. Alikuwa mume wangu wa miaka 30, nani angemjua kuliko yeye? Neno lake lilitosha kuniua. Mungu alinijalia kwamba mama yule hakumsikiliza. Aliona naweza bado kumeza, akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akaninywesha mwenyewe. Baada ya robo saa hivi nilijua niko wapi.

Tukirudi, baba yako hakusema neno mpaka Nyamasaria. Hapo akasema, "Ungekufa leo, ningewaambia watu ni moyo." Basi. Hakunigombeza tena, lakini sijawahi kumsikia na sauti ile kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Kwa hiyo nisikilize kwanza kuhusu hiyo tembe ndogo, maana wewe unaendesha lori. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi; itakusumbua tumbo wiki za mwanzo, imeze pamoja na chakula na uvumilie. Glibenklamidi haina subira. Ukiimeza ni lazima ule, si baadaye Kericho, ni papo hapo. Mwambie daktari waziwazi kazi yako ni gani na kwamba saa zako za kula hazieleweki. Anaweza kukubadilishia dawa, lakini hawezi kujua usipomwambia. Weka sukari ya mezani na kimashine ndani ya kabini, mahali unapofikia bila kuinuka. Ukihisi mtetemeko, jasho la baridi, njaa ya ghafla au hasira isiyo na sababu, toka barabarani, simama, zima injini. Ukipima ukakuta iko chini ya 4, kunywa vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena. Ikipanda, kula kitu cha kushika tumbo, na usiondoe gari mpaka robo tatu ya saa ipite. Mzigo utachelewa, uchelewe.

Hiyo ndiyo soda ninayokuruhusu. Nyingine zote acha. Chupa ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko vinane vya chai, na najua madereva wa njia yenu mnavyoishushia miraa kwa soda usiku. Miraa inakuficha njaa, inakunyima usingizi, na mwili usiolala hupandisha sukari hata kama hujala kitu. Nalisema hili kama mama, sitalirudia.

Sasa chakula. Hapa ndipo nilipokosea kuliko kwingine kote, hata baada ya siri kutoka. Nilianza kupika sufuria mbili, ya mgonjwa na ya wazima. Yangu ilikuwa mboga za kuchemsha zisizo na chumvi wala kitunguu, nikazila pembeni nikiwatazama wengine. Nilidumu wiki tano, kisha usiku mmoja nikala ugali wa watu watatu nimesimama jikoni. Baba yako alinikuta. Siku iliyofuata akasema tupike sufuria moja, sote tule hicho hicho. Yeye hakuwa mgonjwa, na alipenda ugali kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Tulichofanya ni hiki. Mboga tulianza kupakua kwanza, nusu nzima ya sahani: osuga (mnavu), dek (mgagani), apoth (mlenda), kunde, sukuma, chochote kilichokuwa sokoni Kibuye siku hiyo. Robo ikawa ya samaki au maharagwe au omena. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, kama ukubwa wa ngumi yako. Ukianza na ugali hutapata mahali pa mboga. Ukianza na mboga, ugali hauna budi kujibana. Osuga tuliupika kwa maziwa kama zamani, mwiko tukauweka mbali na chupa ya mafuta. Sikukosa ladha.

Watu watakuambia ugali wa wimbi na mtama hauna shida, ule unavyotaka. Si kweli. Unga usiokobolewa ni bora, unashiba upesi na sukari hupanda polepole zaidi, lakini wimbi nao ni wanga. Viazi vitamu na nduma ni vivyo hivyo: ukila nduma asubuhi, hiyo ndiyo imechukua nafasi ya mkate, haikai juu ya mkate. Embe lile tunda lenyewe, kipande, usilisage kuwa juisi. Nimejifunza kwa kimashine. Kula, subiri saa mbili, pima, andika. Baada ya mwezi nilijua chapati moja inanifanyia nini na mbili zinanifanyia nini, na hakuna aliyeweza kunibishia.

Njiani agiza "ugali nusu, mboga dabo". Salgaa watakuelewa, Awasi watakuelewa. Chai ya vibandani mara nyingi huja imekwisha kutiwa sukari, kwa hiyo uliza kabla. Ahero wali wao ni mtamu, najua, chukua nusu na samaki mzima. Wakipakua mzigo usilale kwenye kiti. Zunguka kwa miguu robo saa. Kutembea baada ya kula kunaishusha sukari, nimeiona ikishuka kwa macho yangu. Ukifikisha dakika 30 siku tano za wiki, umefanya vyema. Mimi hutembea mpaka kwa wauza samaki na kurudi.

Kuhusu wale wauza chupa wa stendi wanaosema mwarobaini umemponya fulani: niliwahi kuacha tembe miezi miwili nikanywa dawa zao, sukari ikafika 22. Usijaribu.

Miguu. Naomba hapa usome polepole. Usiendeshe pekupeku, hata joto la injini likizidi. Kila usiku angalia nyayo, katikati ya vidole, visigino. Kausha vidole ukioga, na maji ya moto yapime kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu. Ukiona lengelenge, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Mara moja kwa mwaka wakuangalie macho, wapime mkojo kujua hali ya figo, na shinikizo la damu lisikupite. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu ukifanye pia, maana cha asubuhi unaweza kukidanganya kwa kula vizuri siku moja. Changu cha kwanza kilikuwa asilimia 9.6. Mwaka mmoja wa sufuria moja ulikileta 6.9.

Baba yako ndiye aliyekuwa akinikagua nyayo. Mimi nilikuwa siwezi kuinama vizuri na macho hayaoni, basi kila usiku alichukua tochi, akakaa chini kwenye zulia, akashika mguu wangu mapajani mwake, kidole kwa kidole. Hakuacha mpaka mwezi aliofariki. Miaka mitatu niliyomficha nilijinyima hiyo. Siku hizi naweka kioo sakafuni na kuuinua mguu juu yake, na dada yako akija Jumamosi hunimulikia.

Kuna jambo moja zaidi, na mama hapaswi kumwandikia mwanawe, lakini baba yako hayupo wa kukuambia. Sukari ikikaa juu inaweza kumgusa mwanamume hata chumbani. Ikikutokea, mweleze daktari, ina msaada. Ila mke asiyejua mumewe anaumwa atatafuta sababu nyingine, naye ataipata kichwani mwake, na itamwumiza bure.

Tena fikiria usiku. Sukari ikishuka ukiwa usingizini, wewe hutajua. Atakayeona shuka limelowa jasho ni yeye. Anapaswa kujua kwamba ukiwa unaamka na kumeza, akupe maji ya sukari. Na kwamba ukiwa hujitambui asikutie chochote mdomoni, akulaze ubavu, awahi hospitali. Akiulizwa na muuguzi, "Huyu ana sukari?" atajibu nini?

Hujaniuliza kwa nini nimekuandikia barua wakati simu ipo, tena kwa Kiswahili badala ya Dholuo chetu. Mke wako ni mtoto wa Molo. Dholuo changu asingekielewa, na simu angeisikia upande mmoja tu.

Kifurushi kitakuwa kwenye basi la Jumatano asubuhi: unga wa wimbi na mahindi wa kinu kilo nne, omena iliyokaushwa vizuri, mbegu za osuga ambazo mkaza mwanangu anaweza kuzipanda nyuma ya nyumba, na tochi ya baba yako. Nimeitia betri mpya.

Ukifika hapa usiikunje karatasi hii. Mwite aje akae karibu nawe, mpe aisome tangu mwanzo.

Ni mimi mama yako,
nikiwapenda nyote wawili.