Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mafunzo ya kutunza kumbukumbu 4, zoezi la kurejesha data kutoka nakala rudufu 1, vikao vya kamati tendaji 11. Wanachama ni 164, waliolipa ada 71, waliohudhuria mkutano uliopita 39, na akidi ni 55. Mengine yamo kwenye kiambatisho mlichotumiwa kwa barua pepe, ambacho najua wengi hawajakifungua.

Nije kwenye lile linalozungumzwa: kukataa kwangu kutoa orodha ya waathirika wa mafuriko. Baada ya mafuriko, mashirika ya misaada yalituomba orodha nzima ya waathirika tuliyosaidia kuiandaa: majina, namba za simu, hali za kiafya na mahali kila familia ilipolala. Nilishauriana na katibu kwa simu, nikaamua tusiitoe. Tulitoa idadi ya kaya kwa kila eneo, mahitaji yao, na ramani ya barabara zilizokatika. Sikuitisha mkutano. Kwa mahudhurio yetu, tungekuwa bado tunaungoja.

Imesemwa kwamba mwenyekiti amekalia data huku watu wanalowa. Imesemwa zaidi kwenye kundi letu la simu kuliko kikaoni, na baadhi ya waliosema hawajalipa ada tangu mwaka juzi.

Mmenikumbusha Haiti, tetemeko la Januari 2010, jinsi watu wa kujitolea walivyochora mji mkuu, Port-au-Prince, kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kwa kutumia picha za setilaiti, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Sipingi, ndiyo maana ramani yetu ilitoka siku ileile. Mwingine akaleta Fukushima, ajali ya kinu cha nyuklia Japani, 2011: ubashiri wa mfumo wa kompyuta wa SPEEDI kuhusu mwelekeo wa mionzi haukutolewa kwa wakati, na baadhi ya wakazi wa Namie, mji wa jirani, wakakimbilia upande uleule mionzi ilikoelekea. Hoja nzito. Lakini ile ilikuwa data ya upepo, na upepo hauna namba ya simu. Orodha yetu ina wajawazito, wagonjwa, na wanawake waliowakimbia waume wanaowapiga na kujificha.

Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000 zimedukuliwa, wakiwemo waliotengana na ndugu zao kwa vita na maafa. Wale wana wataalamu. Sisi tuna kompyuta mbili. Singapore nako, wananchi waliambiwa data ya TraceTogether, mfumo wa serikali wa kurekodi nani alikaribiana na nani, ni ya kufuatilia maambukizi ya Korona tu. Januari 2021 ikabainika polisi wanaweza kuichukua kwa upelelezi wa jinai, na mwezi uliofuata ikabidi itungwe sheria ya kuwabana.

Mwanachama mmoja amenitumia sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayoruhusu taarifa binafsi zitumike kuokoa maisha hata bila ridhaa. Inaruhusu, lakini haisemi utoe faili zima. Kikosi cha uokoaji kilipouliza wagonjwa wanaosafishwa figo wako wapi, kilipewa majina saa ileile. Hilo kundini halikutajwa.

Rasimu ya sera ya kutoa data niliiandika mwenyewe, usiku, bila posho. Ramani na takwimu za jumla ziwe wazi. Majina yatoke kwa maandishi, kwa kazi iliyotajwa, na tarehe ya kuyafuta ipangwe kabla ya kuanza kuyakusanya, maana dharura ikiisha hakuna anayekumbuka kufuta. Mikutano miwili ya kuipigia kura imeahirishwa kwa kukosa akidi. Wanaolalamika kwamba chama hakina sera hawakufika kwenye wowote.

Kuhusu ada: seva ya akiba iliyo nje ya eneo la maafa hulipiwa kila mwezi, na ada zenu ndizo zinazoilipia. Waliolipa wanalinda data kwa niaba ya 93 ambao hawajalipa.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupitisha sera, kurudia zoezi la kurejesha data, na kutafuta wafadhili. Tarehe zitatangazwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti