Mtoto mwenye ulemavu zaidi ya mmoja asizungushwe

Mhariri, shikamoo na pole na kazi. Naomba nafasi niseme hili maana limenikaa rohoni. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalum huku Kongwa, na kila Januari wanakuja wazazi wamechoka, mtoto yuko mgongoni, mkubwa tu na hajawahi kukaa darasani. Ukiuliza wanakwambia shule hii walisema haoni, shule ile wakasema hasikii, mwisho wakaambiwa wakae nae nyumbani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake, haijasema lazima awe na ulemavu mmoja tu!

Watu wanadhani kiziwi asiyeona hafundishiki. Anafundishika jamani. Wengi wao kuna uoni au usikivu kidogo umebaki, kwa hiyo apimwe kwanza, na darasani akae dirisha likiwa nyuma yake maana jua letu hili la Dodoma likimpiga usoni hata mkono wako haoni. Halafu lugha yake ni mikono. Kabla ya uji mshikishe kikombe, kilekile kila siku, kabla ya kuoga kitambaa, kabla ya bembea kipande cha kamba, utarudia mpaka uchoke, ila siku akikitafuta kikombe mwenyewe ujue hapo ameshakwambia nataka uji, na kwa kweli hakuna furaha kama hiyo kwa mwalimu. Mkono wako uwe chini ya wake, usimkamate ukamvuta, halafu subiri, tena subiri sana, maana jibu lake linachelewa na sisi tuna haraka mno.

Mtoto wa mtindio wa ubongo, yaani yule ambaye ubongo umeathirika na viungo havimtii, ambaye pia haongei, yeye aanze na kiti. Akikaa ameangukia upande nguvu zote zinaishia kujishikilia, atajifunza saa ngapi? Fundi seremala wa hapahapa kijijini anaweza kumtengenezea kiti cha kona, yaani chenye mgongo wa pembe kama kona ya ukuta, na meza mbele. Na tafadhali asilishwe amelala chali, anapaliwa.

Sasa ishu ni kwamba walimu wengi tumesomea ulemavu mmoja, wa wasioona hajui lugha ya alama, wa viziwi hajui nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole. Naomba wizara ya elimu na Chuo cha Patandi, kile kinachosomesha walimu wa elimu maalum, watuletee mafunzo kazini ya hawa watoto, na kila kitengo kipate msaidizi, maana ukimshika huyu mmoja mikono yote miwili wengine wanabaki na nani? Matroni wa bweni nae afundishwe, la sivyo mtoto akitoka darasani saa nane hana mtu wa kuongea nae mpaka kesho yake.

Na nyie wenyeviti wa vitongoji, uandikishaji ukianza msisubiri waletwe, piteni nyumba kwa nyumba muulize kuna mtoto gani ndani.

Mwalimu, Kongwa