Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwanagenzi wa uhandisi aanzie kwenye jiliwa

Dar es Salaam

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

YAH: MWAKA WA KWANZA WA SHAHADA YA UHANDISI INAYOSOMWA KAZINI

Pokea salamu zetu kutoka karakana za Chang'ombe, Keko na Barabara ya Nyerere. Sisi ni wahandisi, mafundi sanifu na wasimamizi wa karakana tunaowapokea vijana wa vyuo kwa mafunzo kwa vitendo. Tunakuandikia kwa jambo moja. Endapo wizara yako itafungua njia ya shahada ya uhandisi kwa uanagenzi, kijana akasoma huku ameajiriwa, tunaomba mwaka wa kwanza upangwe wiki kwa wiki, usiachiwe kila kiwanda kijipangie. Ndio mwaka unaoharibika kirahisi kuliko yote, na uharibifu wake hauonekani mpaka kijana amekabidhiwa mashine.

Njia yenyewe si ngeni duniani. Uingereza ilianza shahada za namna hii mwaka 2015: mwanagenzi ni mwajiriwa, analipwa mshahara na halipi ada. Ujerumani, katika Duale Hochschule Baden-Württemberg, mwanafunzi hukaa miezi mitatu chuoni na mitatu kazini, kwa kupokezana. Hapa nyumbani tuna SEAP, mpango wa uanagenzi wa wahandisi chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, tangu 2003, mpango mzuri wa miaka mitatu, lakini unampokea aliyekwisha hitimu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni kwa kawaida hupata wiki nane za mafunzo kwa vitendo mwishoni mwa mwaka. Wiki mbili za mwanzo huishia kwenye barua, kitambulisho na kutafuta wa kumkabidhi.

Tunashauri kazi na chuo vipokezane kwa awamu za wiki 12, si kwa siku moja moja. Siku nne kazini na moja chuoni inaonekana nafuu kwenye karatasi, ila mashine hazifuati ratiba hiyo. Pampu inafunguliwa Alhamisi, Ijumaa kijana yuko darasani, Jumatatu akirudi imeshafungwa na inazunguka. Hakuiona beringi iliyolika upande mmoja, wala hakujua kilichoila. Isitoshe, anayetoka Chanika kuwahi zamu ya saa 1:30 asubuhi huondoka nyumbani kabla ya alfajiri. Kumwambia asome jioni baada ya zamu ni kumwambia asinzie darasani.

Wiki nne za kwanza ziwe za jiliwa (kibano cha kwenye benchi), tupa, msumeno wa chuma na keekee ya kutobolea. Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi mchundo, mhandisi wa leo akae kwenye kompyuta. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mpe kijana kipande cha chuma laini akifikishe milimita 60 kwa 40 kwa 10, pembe zote nyuzi 90, kosa lisizidi milimita 0.1. Kipande chake cha kwanza kitakuwa na mgongo. Ukikiwekea guniya, kifaa cha kukagulia pembe na unyoofu, na kukiinua kwenye mwanga, utaona mwanga unapenya kingo zote mbili huku katikati pamegusa. Sababu ni kwamba amekandamiza tupa kwa nguvu ileile kwa mikono yote miwili, mwanzo hadi mwisho, na tupa imebembea: mwanzoni mpini umezama, mwishoni ncha imezama. Inatakiwa mkono wa mbele ubebe uzito anapoanza, kisha uzito uhamie kidogo kidogo mkono wa mpini kadiri tupa inavyosonga. Hiyo ni mizani ya momenti, yaani ya nguvu za kuzungusha, somo lilelile la statiki (nguvu katika vitu vilivyotulia) analofundishwa muhula huohuo. Mwalimu wa chuo na msimamizi wa karakana wakiwa na ratiba moja, kijana ataisikia hesabu hiyo viganjani kabla ya kuiandika kwenye mtihani.

Kutoka hapo akate hesi ya M10, yaani mifuo ya ndani ya tundu la kupokea bolti ya milimita 10, kwa chombo kiitwacho tapu. Hesi hiyo ina hatua (umbali kutoka jino hadi jino) ya milimita 1.5, hivyo tundu hutobolewa kwa keekee ya milimita 8.5. Akitoboa kwa 9, bolti itaingia kwa raha, ila hesi itakuwa na kina kidogo na itachunika ikikazwa. Akitoboa kwa 8, tapu itabana na kukatikia ndani, na tapu iliyokatikia ndani haitolewi kwa keekee ya kawaida kwa kuwa ni ngumu kama keekee yenyewe. Azungushe nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili chenga zikatike, na atie mafuta kila mara. Atavunja tapu, na hilo liwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Tunaona vijana wengi wakinyimwa vifaa kwa sababu ni ghali, wakapewa ufagio na mafaili.

Kupima ndiko kunakohitaji uvumilivu kuliko yote. Shafti ya chuma ya kipenyo cha milimita 100 iliyotoka tu kukerezwa, ikiwa na joto nyuzi 40 zaidi ya mikromita, chombo cha kupimia kipenyo kwa usahihi, imevimba karibu milimita 0.047. Shafti hiyo ikidaiwa usahihi wa daraja la IT6, moja ya madaraja ya kimataifa ya usahihi wa vipimo, ili ivae beringi, nafasi yote ya kosa inayoruhusiwa ni milimita 0.022. Kijana anapima papo hapo, anaona kipimo kimekaa sawa, anaenda kunywa chai. Akirudi, shafti imepoa na kushuka chini ya kipimo alichokisoma kwa zaidi ya mara mbili ya nafasi hiyo. Beringi itaingia kwa kusukumwa na mkono, ringi yake ya ndani itateleza juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo, na baada ya muda mfupi pampu itarudi karakana. Joto la Februari la Dar peke yake halina neno, maana mikromita na kazi, vyote vya chuma, vikikaa pamoja huvimba pamoja. Tatizo ni tofauti ya joto kati yao. Basi kazi iachwe ipoe, mikromita ilazwe jirani nayo, sifuri yake ikaguliwe kwanza, na kipimo kichukuliwe sehemu tatu za shafti.

Michoro nayo ina mtego wake. Mashine zetu zinatoka Ulaya, Japani na Marekani, na hawachori kwa mpangilio mmoja: mchoro wa Ulaya kwa kawaida huweka mwonekano wa upande wa kushoto kulia kwa mwonekano wa mbele, wa Marekani huuweka kushoto kwake. Asiyekagua alama ya koni iliyokatwa kwenye kona ya karatasi hutoboa matundu upande usio wake, na kipande kinakuwa chuma chakavu.

Umeme usianze kabla kijana hajaweza kueleza kwa mdomo hatua za kuzima. Kwenye viwanda vya mji huu, kukatika kwa umeme si kuzimwa kwa mashine. Jenereta ya kujiwasha huingia baada ya sekunde chache, na aliyeingiza mkono kwenye mkanda wa kubebea mzigo kwa kuwa "umeme umekatika" yuko hatarini. Swichi kuu izimwe, kila anayeigusa mashine afunge kufuli lake mwenyewe na abaki na ufunguo wake, kibao chenye jina kitundikwe. Kisha mita ya kupimia umeme ijaribiwe kwanza mahali penye umeme unaojulikana, ipimwe kwenye mashine, halafu irudishwe palepale pa kwanza. Mita iliyokufa nayo husoma sifuri. Tunaomba mwanagenzi asiruhusiwe kufungua kabati la volti 400 mpaka msimamizi ametia saini kwamba amemwona akifanya hatua hizi peke yake, bila kukumbushwa.

Mheshimiwa Waziri, daftari la mafunzo la sasa linapima mahudhurio. Mwanafunzi anaandika "leo tulifanya sevisi ya pampu", msimamizi anagonga muhuri, basi. Ukurasa unaofaa ungeandikwa hivi: beringi 6205, ndani milimita 25, nje 52, upana 15, imetolewa kwa sababu ya kelele, njia ya kukimbilia gololi ina vidonda vilivyopangana kwa nafasi sawa, huenda ilipigwa nyundo kwenye ringi ya nje wakati wa kuvishwa kwenye shafti, nguvu ikapitia kwenye gololi, mpya imesukumwa kwa bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani. Chini yake mchoro wa mkono na saini ya fundi aliyekuwepo. Kurasa 20 za namna hiyo zinatosha kumjua kijana kuliko alama 80 za ripoti aliyonakili.

Tunachokuomba kinaweza kuandikwa kwenye mwongozo mmoja. Mkataba wa pande tatu, chuo, mwajiri na mwanagenzi, usainiwe kabla ya siku ya kwanza, na useme wazi nani analipa matibabu akiumia na nani ananunua buti na ovaroli. Mwanagenzi awe na fundi mmoja anayetajwa kwa jina, na fundi huyo asipewe zaidi ya wanagenzi watatu, kwa sababu mtu hawezi kuangalia mikono ya watu kumi kwenye keekee inayozunguka. Saa anazotumia kufundisha zihesabiwe kuwa kazi, la sivyo atawakwepa, na hatutamlaumu. Waajiri wanaolipa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, warudishiwe sehemu yake kwa kila mwanagenzi aliyemaliza mwaka wa kwanza akiwa na daftari lililokaguliwa.

Karakana ndogo, kama zile za Gerezani, zisiachwe nje kwa kukosa ofisi na mapokezi. Nyingi zina mafundi wenye mikono bora kuliko sisi. Zinaweza kushirikiana, moja ikafundisha kukereza, nyingine kuchomelea, na chuo kikapeleka mkaguzi kila wiki mbili. Tuko tayari kukaa na wataalamu wako na kuwapa rasimu ya ratiba ya wiki 12 za kwanza, pamoja na orodha ya vifaa na idadi yake kwa kila wanagenzi sita.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wahandisi, mafundi sanifu na wasimamizi wa karakana, Dar es Salaam