Ua jeupe lililojiotea bustanini lichunguzwe kabla ya kuachwa

Mhariri,

Kila mvua zinapoanza, wenye bustani majumbani hukuta ua dogo jeupe limejiotea kando ya ukuta au katikati ya mawaridi. Wengi huliacha kwa kuwa linapendeza, na wapo wanaolichomeka kwenye mashada. Mara nyingi ua hilo ni gugu karoti, mmea uliotoka Bara la Amerika na kuripotiwa Arusha mwaka 2010.

Mche mchanga hulaza majani chini kwa duara. Majani yamekatikakatika kama ya karoti, kijani chake kimepauka na yana vinyweleo laini. Baadaye shina lenye mistari huinuka na kutawanya matawi juu. Sogeza kichwa kimoja cha ua karibu na jicho: upana wake ni milimita 4 hivi, na pembeni mna vipetali vitano tu, vidogo kama meno ya mtoto mchanga, kila kimoja kwenye pembe yake. Hapo ndipo pa kukata shauri. Usilichanganye na gugu liitwalo kishona nguo, lenye kitovu cha njano na mbegu nyeusi zinazonasa nguoni. Karoti halisi iliyoachwa ikachanua hufanya mwavuli mpana, na ukiing'oa unasikia harufu yake.

Likishatambuliwa, lisishikwe kwa mikono mitupu. Utomvu wake huwasha ngozi, na chavua huwasumbua wenye pumu. Anayeligusa leo bila kudhurika asijipe moyo, maana mzio huu huja baada ya kuligusa mara kwa mara. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, kisha ling'oe na mzizi wake wote udongo ukiwa na unyevu. Ukilikatia juu, kisiki huchipua upya.

Kama limekwisha kuchanua, vifunike vichwa kwa mfuko kwanza ndipo ung'oe, ukaushe humo humo na uchome. Usilitupe kwenye mboji wala barabarani: mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, nazo hukaa ardhini miaka kadhaa. Kwa hiyo kagua pale pale kila baada ya wiki tatu msimu wote wa mvua, kwani mche huchanua wiki 4 hadi 6 tu tangu kuota. Mifugo nayo isipewe. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu.

Kero yetu kubwa ni fyekeo. Kandokando ya barabara gugu hili hufyekwa likiwa limekomaa, mbegu zikasambazwa na fyekeo lenyewe, kisha lori la mchanga au samadi likazileta hadi mlangoni. Halmashauri ziwaagize wakandarasi wang'oe kabla ya maua. Wauza mashada nao waache kulitumia. Nawe, Mhariri, tunaomba utuchapie picha ya rangi ya mche ungali umelala chini, maana wa maua kila mtu anaujua kwa sura.

Watunza bustani,
Arusha