Malalamiko: hanesi ya kuzuia mbwa kuvuta, pete ya kifuani imeng'oka siku ya nne

Kwa watu wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Nimeshapiga simu mara tatu na kutuma meseji, mkanijibu "pole sana bosi" halafu kimya, sasa naona niandike barua kabisa.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu hanesi ya elfu 65, ile mikanda ya kumvalisha mbwa kifuani na mgongoni yenye pete za kufungia kamba, mliyoitangaza kwamba inamfanya mbwa aache kuvuta. Mbwa wangu Jimi ana kilo 32, kifua nilimpima kwa futi ya fundi cherehani jirani yangu ikaja sentimita 78, nikachukua saizi L ambayo kwenye chati yenu inaishia 85. Kwa hiyo msije mkaniambia nimekosea saizi.

Siku tatu za kwanza siwasingizii, ilifanya kazi. Kamba ukiifunga kwenye pete ya kifuani, Jimi akijitupa mbele inamgeuza ubavu anajikuta ananiangalia mimi, nasimama kama nguzo ya umeme, kamba ikilegea nampa dagaa mmoja mkavu tunaendelea. Kutoka getini mpaka dukani kwa Mangi ni hatua kama mia tu na siku ya kwanza tulitumia dakika ishirini, wazee wa kijiweni wanacheka eti mbwa ndio anamfundisha mtu, lakini siku ya tatu tulifika kwa dakika saba na kamba ikining'inia.

Siku ya nne akapita mchuuzi wa samaki na baiskeli. Jimi karuka, nikasikia trrr, nabaki na kamba mkononi, pete inaning'inia na kipande cha mkanda. Mzee wa watu kaacha baiskeli katikati ya njia kaparamia ukuta! Hakung'atwa, Jimi shida yake ilikuwa wale samaki changu tu, kala wawili. Nikalipa elfu 12 na kuomba radhi, na mnajua mtaani kwetu wenye mbwa tunavyoangaliwa, wapo ambao hata mate ya mbwa hawataki yawaguse.

Nilivyoikagua, pete ya mgongoni imeshonwa mraba na msalaba katikati, hiyo ya kifuani mstari mmoja tu. Fundi viatu akavuta uzi kidogo akaniuliza, hii si uzi wa kushonea mashati? Yaani pete ambayo ndio kazi yote iko pale, ndio mmeibania uzi.

Ila kilichoniudhi zaidi ni dada aliyepokea simu, "funga tu mgongoni kaka, ni ile ile." Dada yangu, sio ile ile. Ukimfunga mgongoni mbwa anapata pa kuegemeza kifua chote, anavuta kwa raha zake bila kuumia koo, hata wale mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji kule Alaska wanavalishwa hanesi inayovutia nyuma, na wao wanatakiwa wavute! Nikajaribu siku mbili kwa ushauri wake, kiganja kimechubuka, mkanda ukasogea kwapani kwa Jimi manyoya yakanyonyoka, na sasa kamba ikikaza hasimami tena, anaongeza gia. Dagaa wangu wote wameenda bure.

Ninachotaka ni elfu 65 yangu irudi, na hiyo 12 ya samaki pia, au mniletee nyingine ambayo pete ya mbele imeshonwa kama ya nyuma, niivute mwenyewe mbele ya aliyeileta kabla sijasaini. Na huyo dada mwelekezeni, asije akamwambia mwingine hivyo hivyo mwenye mbwa mkubwa kuliko wangu.

Hanesi iko kwenye mfuko hapa nyumbani, pete nimeifunga kwenye kikaratasi pembeni. Mkituma boda aje kuchukua apige simu kwanza, asigonge geti, Jimi hajafungwa.

Mteja wenu wa Mbezi